Tupeane uzoefu: kuunda violesura vya picha vinavyobadilishika kwa watumiaji wa R

Mwanzilishi wa mada

Ndugu wanachama, naomba tukusanye hapa uzoefu wetu wa kuunda violesura vya picha kwa ajili ya R, yaani menyu, vidirisha na vitufe ambavyo mtumiaji mwenyewe, au fundi anayemhudumia, anaweza kuvipunguza, kuviongeza na kuvipanga upya bila kusubiri toleo jipya la programu. R, programu ya kuchambua takwimu, ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, ikiwa lugha ya kuandika amri, na hadi leo programu ya msingi haina menyu za uchambuzi wa takwimu. Kila kiolesura tunachokitumia kimejengwa juu yake na watu walioona haja hiyo, na kwa kuwa R ni programu huria, yeyote anaweza kufungua msimbo na kuona uamuzi uliofanywa. Ninachoomba ni habari za kazi halisi: ulimjengea nani, ulimwachia abadilishe nini, ulimzuia nini, na kwa sababu gani.

Nianze na yangu. Niliombwa kuwaandalia wasaidizi wa utafiti mazingira ya kuchambua data za hojaji kwa kutumia R Commander, kifurushi (nyongeza ya R) cha John Fox kinachochora madirisha yake kwa tcltk, zana ya R ya kutengeneza madirisha. Kazi yao ilihitaji mambo machache: kuleta data, kupanga makundi upya, kutengeneza majedwali na kufanya majaribio mawili matatu ya takwimu. Menyu asilia ina mengi zaidi ya hayo, na kwa mgeni kila kipengele asichokijua humtia shaka. Hapo ndipo nilipouthamini uamuzi wa kuiweka menyu nzima katika faili la maandishi, Rcmdr-menus.txt, ambamo kila mstari unataja iwapo jambo hilo ni menyu au kipengele, liko chini ya nini, maneno gani yaonekane, kitendakazi kipi (kipande cha msimbo chenye jina lake) kiitwe na sharti gani litimie ili kipengele kiwake. Nililinakili faili hilo katika saraka ya mradi, nikaondoa mistari isiyohitajika, kisha nikaielekeza programu kwenye saraka hiyo kupitia chaguo la etc katika mipangilio ya Rcmdr. Sikugusa msimbo wa vidirisha hata kidogo, na faili asilia lilibaki salama.

Sharti la kuwaka ndilo lililonifunza zaidi. Jaribio la t la makundi mawili huru, linalolinganisha wastani wa makundi hayo, kwa mfano, halibonyezeki mpaka data iwe na safuwima ya namba pamoja na safuwima ya makundi yenye viwango viwili. Wasaidizi wale waliniuliza mara kwa mara kwa nini kipengele kimefifia, na swali hilo lilitupeleka moja kwa moja kwenye data: jinsia ilikuwa imeingizwa kama 1 na 2, nayo R ikaihesabu kuwa namba za kawaida. Wakajifunza kuigeuza kuwa safuwima ya makundi kabla ya kuendelea, na waliielewa sababu kuliko ambavyo wangeielewa kwa mihadhara yangu. Msimamo wangu basi ni huu: mtumiaji awe huru kuchagua kinachoonekana mbele yake, lakini masharti yanayolinda usahihi wa takwimu asiyashike yeye peke yake.

Mtunzaji wa programu-jalizi

Naunga mkono, na naongeza upande wa vidirisha. Natunza programu-jalizi ya R Commander, yaani nyongeza inayochomekwa kwenye programu hiyo, mojawapo ya zile ambazo majina yake huanza na RcmdrPlugin na ambazo hubeba faili lao dogo la menus.txt ili vipengele vyao viunganishwe na menyu kuu. Kila kidirisha, mtumiaji anapokubali alichokijaza, hutunga amri ya R kama maandishi na kuipitisha kwenye kitendakazi doItAndPrint, ambacho huiandika amri hiyo katika dirisha la skripti, huitekeleza na kuonyesha matokeo. Kipo pia justDoIt, ambacho huitekeleza amri kimyakimya bila kuionyesha. Mimi nimejiwekea sharti kwamba chochote kinachogusa data au matokeo ya mtumiaji kipite njia ya kwanza, na kile cha pili nakitumia kwa mambo ya ndani ya dirisha tu.

Sababu yake niliiona kwa watumiaji. Walikuwa wakiniletea maombi ya visanduku vipya: huyu anataka kubadilisha rangi ya nguzo za chati, yule anataka kiwango cha uhakika cha asilimia 90 badala ya 95, mwingine anataka maandishi ya mhimili yageuzwe. Kila ombi lilikuwa la haki, lakini kidirisha chenye visanduku vya kila ombi hakisomeki tena na mtu yeyote. Badala ya kuongeza visanduku, nilirudi kwenye amri zinazotungwa nikazipanga vizuri: hoja moja, yaani thamani moja inayopewa kitendakazi, kila mstari, majina ya hoja yakiwa kamili, na thamani za msingi zinazobadilishwa mara kwa mara zikiandikwa waziwazi hata pale R isipozihitaji. Tangu hapo wengi hujaza kidirisha mara moja, hushuka kwenye dirisha la skripti, hubadilisha 0.95 kuwa 0.90 kwa mkono wao na kuitekeleza tena amri. Hapo mtumiaji anakibadilisha kiolesura kupitia maandishi yaliyozalishwa na kiolesura hicho hicho, na sijaona njia nyingine inayompa uwezo mkubwa kiasi hicho kwa gharama ndogo namna hiyo.

Mkufunzi wa RKWard

Kwa upande wa RKWard, kiolesura kingine cha R kilichojengwa juu ya Qt na maktaba za KDE (zana za kujengea programu zenye madirisha), sura ya kidirisha huelezwa katika faili la XML, na utungaji wa amri huandikwa kwa JavaScript, kazi ambayo hapo awali ilifanywa kwa PHP. Utenganisho huo una faida moja ninayoithamini sana: programu-jalizi moja inaweza kuwa na sura mbili, kidirisha cha kawaida kwa mzoefu na mwongozo wa hatua kwa hatua kwa anayeanza, zote mbili zikizalisha amri ile ile. Nimewapa wanafunzi sura ya hatua mwanzoni mwa kozi, kisha wakahamia wenyewe kwenye kidirisha walipochoka kubonyeza kitufe cha kuendelea. Amri huonekana ndani ya kidirisha na hubadilika papo hapo kila chaguo linapobadilishwa, jambo linalomwezesha mwanafunzi kuona kila kisanduku kinagusa neno lipi la amri.

Mhandisi wa programu

Mimi nina neno fupi kuhusu uhai wa zana. Niliwahi kurithi kiolesura kilichoandikwa kwa RGtk2 (kifurushi cha kutumia GTK, zana ya kuchora madirisha, ndani ya R), na hesabu zake zote zilikuwa zimeandikwa ndani ya vitendakazi vya vitufe. GTK ilipofikia toleo la 4 mwaka 2020, msaada wa GTK 2 ulifikia kikomo, na baadaye RGtk2 ikaondolewa katika orodha ya vifurushi hai vya CRAN, hazina rasmi ya vifurushi vya R. Kuhamisha madirisha hakukuwa kazi ngumu. Kazi kubwa ilikuwa kuzing'oa hesabu kutoka ndani yake. Hata gWidgets ya John Verzani, iliyokusudiwa kumwezesha mwandishi kuandika dirisha mara moja na kuliendesha kwa zana mbalimbali, haiwezi kumwokoa mtu ambaye hesabu na vitufe vyake ni kitu kimoja. Hesabu ziwe katika vitendakazi vinavyojitegemea, vyenye majaribio yake, na kidirisha kiviite tu.

Msanifu wa Shiny

Nimewasoma kwa makini, na ningependa tusiisahau Shiny, kifurushi cha kujenga kurasa za wavuti kwa R kilichotolewa mwaka 2012, kwa sababu wengi sasa hukutana na R kupitia kivinjari. Nilijenga ukurasa ambao mtumiaji huchagua paneli za kuonyesha, huzipanga na kuhifadhi mpangilio wake katika anwani ya ukurasa kwa kutumia enableBookmarking. Kila paneli ni moduli yenye majina yake ya ndani, kwa hiyo mtumiaji anaweza kufungua chati mbili za aina moja bila vidhibiti vyao kugongana. Shida iliyojitokeza ni kwamba katika Shiny kila badiliko la kidhibiti huamsha hesabu zote zinazokitegemea. Mtu akivuta kitelezi, mfano mzito wa takwimu huhesabiwa upya tena na tena. Kwa hesabu nyepesi niliacha hivyo kwa sababu inapendeza kuona chati ikifuata mkono, kwa zile za wastani niliweka debounce ili zisubiri mkono utulie, na kwa zile nzito niliweka kitufe cha kutekeleza.

Kuhusu amri kuonekana, nakiri kwamba hapo Shiny iko nyuma ya R Commander na RKWard, kwani kwa kawaida mtumiaji huona matokeo bila kujua yametoka wapi. Kifurushi cha shinymeta humwezesha msanifu kutoa msimbo unaozalisha matokeo yale yale nje ya ukurasa, lakini humlazimu aandike sehemu za hesabu kwa utaratibu wake maalumu tangu mwanzo. Ninaamini kazi hiyo inastahili kufanywa popote matokeo yanapokwenda kuchapishwa.

Mwanachama mwenye uoni hafifu

Naomba wasanifu wakumbuke kwamba kwa baadhi yetu, kubadilisha ukubwa wa maandishi ndiko kunakoamua kama tutaitumia programu au la. Katika R Commander nimeongeza ukubwa wa maandishi kupitia mipangilio yake, na vidirisha vilivyopangwa kwa gridi ya Tk (zana iliyo nyuma ya tcltk) vilitanuka ipasavyo. Programu-jalizi moja niliyoitumia ilikuwa imefunga upana wa dirisha kwa pikseli, nayo ilikata vitufe vya chini nisivione kabisa. Tafadhali jaribuni kazi zenu kwa maandishi makubwa maradufu, na kwa kibodi peke yake bila kipanya.

Mwanafunzi wa uzamili

Asanteni sana, wakuu wangu. Nina swali moja: mapendeleo ya mtumiaji yahifadhiwe wapi ili yasipotee anapofunga R?

Mwanzilishi wa mada

Usiandike ndani ya saraka ya kifurushi, kwa kuwa hufutwa kifurushi kinaposasishwa na mara nyingi mtumiaji hana ruhusa ya kuandika humo. Faili la .Rprofile, ambalo R hulisoma inapoanza, nalo ni mali ya mtumiaji, basi mwonyeshe mstari wa kuongeza na umwachie auongeze mwenyewe. Tangu R 4.0.0 ipo tools::R_user_dir, ambayo hutoa saraka inayofaa kwa mipangilio kulingana na mfumo wa uendeshaji wa kompyuta. Hifadhi humo faili la maandishi linalosomeka, taja ndani yake toleo la muundo wa mipangilio, na ukikuta toleo la zamani libadilishe baada ya kuweka nakala kando. Ongeza pia kipengele cha kurudisha mipangilio ya awali, na kiweke mahali ambapo mtumiaji hawezi kukiondoa hata akiifuta menyu nyingine yote.