Maeneo ya wazi Dar: mvamizi ana mchoro mkononi, mwananchi ananyimwa hata mipaka

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha, maana hili jambo limetufika shingoni mtaani kwetu na najua wengi humu mna la kwenu linalofanana.

Tuna kiwanja cha wazi. Watoto wanacheza mpira jioni, msiba mkubwa ukitokea maturubai yanafungwa pale, vikoba vinakaa pale, mvua kubwa ikinyesha maji yanatuama pale badala ya kuingia vyumbani. Wazee wanasema mtaa ulipopimwa hicho kiwanja kiliachwa wazi. Sasa nusu yake imezungushiwa mabati na kokoto zimeshamwagwa. Mwenyekiti wa mtaa anasema na yeye kaamka kayakuta. Tukaenda manispaa (sitaitaja, na wala sio yenyewe tu) tukaomba kitu kimoja, mchoro wa mipango miji unaoonyesha mipaka ya hilo eneo. Hatukuomba hati ya mtu wala jina la mtu, tumeomba mipaka ya mali ya umma.

Leteni barua ya mwenyekiti. Tukaleta. Ipite kwa mtendaji wa kata. Ikapita. Mhusika yuko saiti, mhusika yuko semina, faili liko kwa mwingine, lipieni kwanza, tukapewa kontrol namba tukalipa, na mwisho wa yote tukakabidhiwa PDF ya karatasi iliyoskaniwa imelala ubavu, namba za viwanja hazisomeki, kodineti (zile namba zinazoonyesha mahali penyewe duniani) zimekatwa pembeni na zile chache zilizobaki hakuna mahali pameandikwa ni za mfumo gani.

Kwa wasiojua hilo la mwisho maana yake nini: ramani nyingi za zamani za upimaji nchini zimefanywa kwa mfumo wa Arc 1960, ila simu yako na GPS za kawaida zinatumia WGS84. Ukichukua namba za mfumo mmoja ukazimwaga kwenye mwingine bila kuzibadilisha, eneo lako linahama kama mita 300 hivi. Kwa Dar mita 300 ni mtaa mwingine kabisa. Yaani mwananchi anaweza kusimama na karatasi yenye mhuri mbele ya afisa akaonekana muongo, na mwenye mabati akaonekana yuko sahihi, kwa sababu tu hakuna aliyeandika neno moja pembeni ya ramani. Kwetu kulikuwa na kijana aliyepita Ramani Huria, ule mradi wa wananchi kuchora ramani za mitaa yao, ndo akalishtukia, mitaa mingine nani atawashtulia?

Na hapo kwenye Ramani Huria ndo roho inaniuma zaidi. Tangu 2015 wanafunzi wa vyuo na vijana wa mitaani wamezunguka kata za Dar na simu mkononi, wanachora nyumba, mifereji, vichochoro, wanaweka OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, bure kabisa mtu yeyote duniani achukue. Zanzibar nao mwaka 2016 wakarusha droni wakapiga picha Unguja na Pemba. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba ni teknolojia ya Wazungu au hatuna wataalamu, wataalamu tunao na wengi wamejitolea. Ila ramani ya kujitolea ina mwisho wake. Sisi tunachora tunachokiona chini. Tukiona magoli mawili na vumbi tunaandika uwanja, kesho tukikuta ukuta na fremu kumi za biashara tunachora ukuta na fremu. Hatuwezi kuchora kilichopangwa kisheria kwa sababu hicho kimekaa kabatini, na hata tukipata kakipande hatujui kama tunaruhusiwa kukiweka maana hakuna leseni yoyote iliyoandikwa inayosema tumia.

Sasa sikilizeni sababu tuliyopewa kwa mdomo, eti tukiweka wazi maeneo yote ya wazi, wavamizi watajua wapi pa kuvamia. Jamani! Mvamizi anajua tayari. Mvamizi ndo mtu wa kwanza kuwa na huo mchoro, ndo anayejua eneo lipi halina uzio, lipi halina kibao, lipi lilishaombewa kubadilishwa matumizi na barua ikaishia wapi. Asiyejua ni mama anayeuza maandazi pembeni ya kiwanja na mwalimu ambaye shule yake haina uwanja wa michezo. Kufichwa kwa mipaka hakujawahi kumzuia mwizi hata mmoja, kunawazuia mashahidi.

Halafu tazameni kinachopotea. Viwanja vikubwa kama Mnazi Mmoja na Biafra havitaibiwa kirahisi kwa sababu kila mtu anavijua, kuna mikutano, kuna kamera. Vinavyokufa ni hivi vya mtaani, nusu ekari, robo ekari, havina jina, kila kizazi kinakiita kivyake, kwa mzee ni kwa Mpemba, kwa watoto ni uwanja wa taifa, na kwenye ramani ya serikali kina namba tu. Kisichokuwa na jina wala mpaka unaojulikana kinaondoka kimya. Bora hata bustani ya Botaniki pale Posta, ilianzishwa na Wajerumani miaka ya 1890 na watu wameiandika sana, hivyo vya Tandale na Mbagala nani ataviandika.

Na mji unazidi kubanana. Sensa ya 2012 ilikuta Dar watu milioni 4.36, ya 2022 ikakuta milioni 5.38. Milioni nzima imeongezeka ndani ya miaka kumi, hawa watoto wao watacheza wapi? Barabarani na bodaboda? Tunalia kila mwaka mafuriko Jangwani na bonde la Msimbazi, wakati huohuo kila kipande cha ardhi kinachoweza kunywa maji huku juu tunakimwagia zege.

Kinachonifanya nisikubali kabisa hoja ya "hatuna uwezo" ni mwaka 2022 wenyewe. Operesheni ya anwani za makazi ilipita nchi nzima, kila nyumba ikapewa namba na ikachukuliwa mahali ilipo, nguzo za majina ya mitaa zikasimikwa mpaka vichochoroni, ikaja sensa na majengo nayo yakahesabiwa. Serikali hiyohiyo imeweza kujua nyumba yangu ilipo kwa simu. Leo viwanja vya kuuza unaombea mtandaoni bila kutia mguu ofisini. Kumbe inawezekana kikiwa cha kuuza, kikiwa cha kucheza watoto ndo tunaambiwa njoo wiki ijayo.

Wenzetu wamelimaliza hili zamani bila makelele. Uingereza, shirika lao la ramani la Ordnance Survey lilitoa mwaka 2017 data ya maeneo ya kijani kwa Great Britain nzima, bustani, viwanja vya michezo, mpaka makaburi, yote yana mipaka na hata sehemu za kuingilia zimewekwa, unapakua bure. Hiyo ya mageti msiione ndogo, bustani iliyozungushiwa ukuta na geti moja likawa upande wa matajiri, kwa mtoto wa upande wa pili haipo. New York wana sheria ya data huria tangu 2012 na mipaka ya bustani zao unaipata kwenye tovuti ya jiji. Sisi tulijiunga na ule mpango wa serikali kuendeshwa kwa uwazi, OGP, mwaka 2011, tukafungua na tovuti ya takwimu huria ikaanza na elimu, afya na maji, halafu 2017 tukajitoa OGP. Maeneo ya wazi hata zamu yao haikufika.

Ninachotaka ni hiki. Faili moja kwa kila manispaa, sio PDF, faili la GIS, yaani ramani ya kompyuta yenye vipimo vyake, linalofunguka kwenye programu ya bure kama QGIS, lenye mpaka wa kila eneo la wazi, namba ya mchoro, tarehe mchoro ulipoidhinishwa, matumizi yaliyopangwa, nani analisimamia, na kama matumizi yamebadilishwa basi lini na kwa kibali gani, na mfumo wa kodineti uandikwe, na leseni iandikwe kwamba mtu yeyote anaruhusiwa kutumia. Data hii ipo, imelipiwa na kodi zetu, wapimaji walishakanyaga bikoni (alama za mipaka) zote hizo miaka mingi nyuma. Michoro ya zamani ambayo bado ni karatasi waiskani vizuri, vyuo vina wanafunzi wanatafuta pa kufanyia field, wapewe kazi.

Sisi mtaani tumeshaandika ombi rasmi kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016, inampa raia haki ya kuomba na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Safari hii hatuombi kwa mdomo wala kwa "naomba unisaidie mkuu", tunaomba kwa kifungu, na nakala tumegongesha mhuri wa kupokelewa. Nashauri kila mtaa ufanye hivyohivyo, mhuri wa mapokezi msisahau maana bila huo watasema hawajaona kitu.

Wenye michoro ya zamani ya Sinza, Kijitonyama, Tabata, Mbagala, popote, hata kama imechanika, ipigeni picha vizuri pembe zote nne zionekane pamoja na namba za pembeni, tutasaidia kuilinganisha na picha za setilaiti za miaka ya nyuma tuone nini kilikuwepo. Majina ya watu msiweke. Na kama kuna afisa mipango miji humu ndani, najua mpo na wengine mnachukia haya mambo kuliko sisi, naomba mjibu swali moja tu wazi kabisa: orodha ya maeneo ya wazi ya manispaa zenu mnayo kwenye kompyuta au hamna?