Tupeane uzoefu: mtaani kwenu mmefanya nini ili wazee waweze kutoka nje?

#1
Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 74, tuko Mabibo, na tangu masika ya mwaka jana akawa hatoki getini. Sisi tukajua ni magoti, tunamchua, tunampeleka kliniki, kumbe shida ni mtaro wa mbele ya nyumba, ule ubao tunaokatiza kila siku bila hata kuuangalia yeye alishateleza pale akanyamaza asitupe presha. Siku namuuliza mbona jumuiya haendi tena ndo akasema "mwanangu, ule ubao utaniua". Iliniuma sana.

Tukachangishana nyumba nne, saruji mifuko mitatu, kokoto, mchanga, nondo, fundi wa hapahapa mtaani akamwaga zege, tukalimwagilia maji wiki nzima, mwisho tukachomelea bomba la kushikilia pembeni. Sasa mama anaenda jumuiya mwenyewe na akirudi anapitia kwa shoga yake.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu Marekani kuna shirika la watu wa miaka 50 na kuendelea, AARP, tangu 2017 linatoa ruzuku ndogondogo kila mwaka kwa miji na vikundi vya wananchi, sio za kujenga flaiova, ni za mabenchi, vivuko, bustani, vitu vya kumalizika ndani ya miezi michache. Huku kwetu ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa vikundi inagawanywa 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, mzee hana fungu lake, halafu ule ni mkopo wa biashara, huwezi kukopa ukamwage zege la mtaro. Kwa hiyo nauliza, nyie mmefanyaje?

#2 (Temeke)
Hongera mkuu, na mama umpe shikamoo yangu. Sisi tulitumia hela ya kikundi chetu cha kuzikana, ilibaki baki kidogo mwisho wa mwaka, tukakubaliana badala ya kugawana tutengeneze mabenchi matatu njia ya kwenda zahanati, maana wazee wetu walikuwa wanakaa juu ya mawe au kibarazani kwa watu. Benchi la kwanza tulikosea. Lilikuwa fupi kama kigoda na halina pa kushika, bibi mmoja akakaa akashindwa kuinuka mpaka vijana wa bodaboda wakamnyanyua, aliona aibu jamani. Mengine mawili tukamwambia seremala sentimita 45 kwenda juu na mikono pande zote mbili, ili mzee ajisukume mwenyewe. Na yawe kwenye kivuli, sisi tumeweka chini ya mwarobaini, benchi la juani Dar hii saa saba mchana hakuna mtu atakalia.

#3 (Ilala)
Mimi sipingi michango ila naona tunazoea vibaya. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, mzee ni kuanzia miaka 60, na mitaro ni kazi ya serikali, sasa kwa nini mjane auze vitumbua achangie saruji? Baba yangu alipandishwa ngazi hadi ghorofa ya pili kwenye ofisi moja kwa ajili ya kusaini karatasi MOJA, na fimbo yake, anapumzika kila kituo, na wakati chini pale kulikuwa na meza na kijana amekaa. Kushusha ile karatasi chini kusingegharimu hata mia.

#4 (Kimara)
Dada wa Ilala uko sahihi kabisa, ila zege lisubiri bajeti na mzee anakaa ndani mvua ngapi?

Mwendokasi tangu ianze 2016 vituo vyake vina njia za mteremko na unaingia kwenye basi bila kupanda ngazi, mama mkwe wangu anaupenda kweli. Tatizo ni kufika kituoni. Sisi tuko bondeni, ile njia mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Tulichanga tukaweka ngazi za mawe na kipande cha mteremko kwa ajili ya jirani mwenye kiti cha magurudumu, fundi akaufanya mkali, siku ya kwanza tu kiti kikarudi nyuma na mtu ndani, Mungu saidia mjukuu alikuwa nyuma yake. Jamani hesabu ni hii, kila sentimita 1 ya kupanda unahitaji 12 za kwenda mbele, yani kizingiti cha sentimita 15 kinataka karibu mita mbili. Tuliuvunja tukaanza upya na hela ilikuwa imeisha, ikabidi tupite tena kwa watu na daftari.

#5 (Mbagala)
Msiweke mifuniko ya chuma. Yetu iliondoka usiku mmoja yote, imeenda kwenye chuma chakavu, asubuhi mtaro uko wazi na ni hatari kuliko mwanzo kwa sababu wazee walishazoea kupita pale. Zege tu.

#1
Asanteni sana, hilo la mikono ya benchi sikuwa nimelifikiria kabisa. Dada wa Ilala, nimeongea na mwenyekiti wa mtaa, amekubali suala la mitaro liwe ajenda kwenye mkutano wa mtaa ujao na wazee ndio waanze kuongea. Kabla ya hapo Jumamosi asubuhi natembea na mama na shoga yake kuanzia nyumbani hadi sokoni, mwendo wao, sio wangu, kila wanaposimama au kushika ukuta nachora alama kwa chokaa, halafu nitaleta picha hapa.