Meng Jiangnü aliangusha ukuta kwa kilio, nyie mnamuozesha kwa msimamizi wa shokoa?

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Nimetoa Sh. 38,000 kununua riwaya ya Kiingereza, jalada jekundu la kupendeza, nyuma imeandikwa kwamba ni hadithi ya mapenzi ya kihistoria inayomsimulia upya Meng Jiangnü. Nimeimaliza jana saa nane usiku na usingizi ukanipaa.

Kwa asiyeijua, hii ni mojawapo ya ngano nne kuu za Wachina. Binti, Meng Jiangnü, kaolewa na Fan Xiliang, kijana aliyekuwa akikimbia shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa, ya Qin Shi Huang, yule mfalme aliyeziunganisha dola za China mwaka 221 KK. Harusi haijapoa, askari wanamkamata bwana harusi na kumpeleka kaskazini kujenga Ukuta Mkuu wa China. Baridi inakaribia. Mke anamshonea nguo nzito, anazibeba mgongoni, anatembea kwa miguu mpaka ukutani, na huko anaambiwa mumeo alishakufa, kafukiwa humo humo. Analia mpaka ukuta unaporomoka. Mifupa inayotokea ni ya watu wengi, hajui upi wa nani, basi anajitoa damu na kuudondoshea kila mfupa. Unaoinywa damu yake ndio wa mumewe. Mfalme anapomwona anamtaka. Anamjibu: kwanza mume wangu azikwe kwa heshima, na wewe mwenyewe uvae nguo za msiba. Mfalme anatimiza yote, na mwanamke anajitosa baharini.

Sasa sikieni walichofanya. Safari yote ya kubeba nguo imepewa kurasa mbili. Sura ya tisa anafika ukutani, anakutana na kamanda wa ujenzi, mabega mapana, kovu shavuni, na kuanzia hapo ni kutazamana tu hadi mwisho wa kitabu. Ukuta unaangushwa na TETEMEKO LA ARDHI. Kilio chake ni kimoja, nacho kinamwagikia kifuani kwa kamanda. Na kamanda huyo ndiye anayeshika orodha ya waliokamatwa! Ndiye aliyesimama pale mumewe anafukiwa! Mtunzi anatuomba tumwonee huruma kwa sababu naye alipata shida utotoni.

Msije na ile ya "ni hadithi tu, mtunzi ana uhuru." Najua ngano hubadilika, na hii imebadilika kuliko nyingi. Mwanahistoria Gu Jiegang aliifuatilia kuanzia mwaka 1924 na mzizi wake akaukuta katika Zuo Zhuan, kitabu cha kale cha historia ya China, kwa mke wa Qi Liang, askari wa dola ya Qi aliyeuawa vitani karne ya 6 KK. Mtawala alikutana na mjane huyo njiani akataka kumpa pole palepale. Akakataa, akasema: kama mume wangu hana kosa, nyumba yetu ipo, njoo nyumbani. Mtawala akaenda. Hapo hakuna kilio wala ukuta ulioanguka. Kilio kilikuja baadaye, ukuta wa mji ukaanguka karne nyingi baadaye, na ni katika zama za wafalme wa Tang ndipo alipohamishiwa kwenye ukuta wa Qin. Jina la mume limebadilika, mahali pamebadilika, hata namna Meng Jiangnü alivyozaliwa imebadilika, maana wapo wanaosema alitoka ndani ya buyu lililotambaa kati ya nyumba ya akina Meng na ya akina Jiang. Jambo moja halikubadilika kwa zaidi ya miaka elfu mbili: mwenye mamlaka anamjia mjane, na mjane hampindishii shingo. Mtunzi huyu akaona hilo ndilo la kung'oa.

Na hiyo "kihistoria" iko wapi? Fan Xiliang anaandika barua kwenye karatasi, wakati watu wa enzi hiyo ya Qin waliandika kwenye vibanzi vya mianzi. Wageni wanakaribishwa vitini, wakati watu walikaa kwenye mikeka. Kambini wanakula mchuzi wa pilipili, mmea uliotoka Amerika na kufika China baada ya Columbus! Ukuta wenyewe ni wa matofali ya kuchoma na minara mirefu, yaani ukuta wa enzi ya Ming, iliyokuja baadaye sana. Sehemu kubwa ya ule wa Qin ilikuwa udongo ulioshindiliwa na mawe, na mwanahistoria wa kale Sima Qian anaandika kwamba jenerali Meng Tian alipelekwa huko na watu 300,000. Mwishoni kuna kurasa za shukrani zinazojisifia miaka ya utafiti. Utafiti gani huo?

Inaniuma kwa sababu nilisoma China, mkoa wa Hebei, na nimefika kwenye hekalu la Meng Jiangnü karibu na Shanhaiguan. Unapanda ngazi za mawe, na mlangoni kuna mistari miwili ya ushairi, kila mmoja una herufi moja iliyorudiwa mara saba, na maana hubadilika kwa jinsi unavyoisoma: maji ya bahari yanajaa na kupwa, mawingu yanatanda na kutoweka. Alikuwepo bibi mmoja aliyenisomea taratibu mara tatu mpaka nikaelewa, halafu akanionyesha jiwe wanalosema alisimama juu yake kumtazamia mumewe. Alimzungumzia kama mtu wa ukoo wake. Nilinunua riwaya hii nikimfikiria bibi yule.

Nimeipekua tena leo asubuhi, kurasa zote 412. Tetemeko linapita, kamanda anamwinua, wanapanda farasi mmoja na kuondoka. Zile nguo za baridi hazitajwi tena. Mifupa imebaki kwenye kifusi.

Nimewaandikia wachapishaji barua pepe. Pesa yangu sijaidai. Nimewauliza swali moja, Fan Xiliang amezikwa ukurasa wa ngapi?