Kompyuta za Core 2 Duo zenye RAM ya GB 2: ziwekewe mfumo gani?

Mwalimu_wa_Maabara:
Habari zenu wanajukwaa. Shule yetu imepokea kompyuta 12 za mezani aina ya Dell OptiPlex 780, zenye prosesa ya Core 2 Duo, RAM ya GB 2 na diski ya kawaida ya GB 160. Zimekuja na Windows 10, nazo huwaka polepole kiasi kwamba kipindi cha dakika 40 hukaribia nusu kabla wanafunzi hawajaandika neno. Isitoshe, Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya mfumo huo tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali mashine hizi. Tunachohitaji ni kuandika, kutumia lahajedwali na kusoma kwenye intaneti. Je, tuweke Lubuntu, Linux Mint au antiX, ambayo ni matoleo ya mfumo wa bure wa Linux? Na fedha kidogo tulizo nazo tuanze kuzitumia kwenye nini?

Fundi_Tanga:
Mwalimu, hongera kwa kuzipokea badala ya kuziacha zitupwe. Ningeanza na diski kabla ya kuchagua mfumo. RAM ya GB 2 ikijaa, mfumo huanza kuhamishia data kwenye diski, na diski ya kuzunguka hulazimika kusogeza kichwa chake huku na huko kutafuta kila kipande. Weka sikio karibu na kasha wakati mashine inawaka: ukisikia mkwaruzo usiokoma, na taa ya diski haizimiki, basi prosesa imekaa tu ikisubiri. SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) ya GB 120, inayounganishwa kwa SATA kama diski ya sasa, inatosha kabisa. Ni kweli kwamba SATA ya ubao mkuu wa mashine hizi ni ya kizazi cha nyuma, lakini faida kubwa ya SSD ni kupata data papo hapo, na faida hiyo hutaikosa.

Fedha ikibaki, fikisha RAM GB 4. Mashine hizi hutumia RAM ya aina ya DDR3, ila fungua kasha utazame umbo la kijiti kilichomo kabla hujaenda dukani.

Bint_Kodi:
Naungana na Fundi. Kuhusu mfumo, Core 2 Duo ni prosesa ya biti 64, kwa hiyo matoleo mengi ya Linux bado yanaikubali. Mkifikisha GB 4, wekeni Linux Mint yenye Xfce (sura nyepesi ya skrini, yenye menyu na madirisha): menyu yake iko chini kushoto, na mwanafunzi aliyezoea Windows hatapotea. Mkibaki na GB 2, antiX ni nyepesi zaidi kwa sababu hutumia IceWM, programu ndogo ya kuonyesha madirisha, ingawa sura yake itahitaji kuzoewa.

Hata hivyo, Firefox ni ileile popote utakapoiweka. Kurasa tano zenye video zitaielemea mashine hata kama mfumo wenyewe ni mwepesi, kwa hiyo wafundisheni wanafunzi kufunga kurasa wasizozisoma, na muwashe zram, ambayo hubana data ndani ya RAM yenyewe kabla ya kuikimbilia diski. Jaribuni kwanza kuwasha Linux kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu, ili muone kama sauti na mtandao vinafanya kazi. Kasi msiipime hapo, kwa kuwa flashi ni ya polepole kuliko SSD.

Mwalimu_wa_Maabara:
Nawashukuru sana. Je, mitihani tuliyoiandika kwa Word itafunguka bila kuharibika?

Bint_Kodi:
LibreOffice, programu ya bure ya kuandika, hufungua faili za docx za Word. Mara nyingi kinachovuruga mpangilio ni fonti: hakikisha Carlito imo, kwani upana wa herufi zake ni sawa na wa Calibri, na Liberation Serif hushika nafasi ya Times New Roman. Karatasi zenye majedwali mengi zipitieni kabla ya kuchapa.

Fundi_Tanga:
Mkiwa mmefungua makasha, badilisheni pia betri ya saa, CR2032. Ikifa, tarehe hurudi miaka mingi nyuma kila umeme unapozimwa, na kivinjari hukataa tovuti salama kwa kudhani vyeti vyake vya usalama havijaanza kutumika. Watu hulaumu mtandao bure.