Mafaili ya karatasi, seva ya ndani au klaudi: kliniki ndogo ichague nini?

daktari_kijiwe: Habari wadau. Sisi ni kliniki ya madaktari watatu, masijala imejaa mpaka mafaili mengine yako chini ya kitanda cha kupimia. Juzi mama mmoja kakaa saa nzima anasubiri faili lake, kumbe liko mezani kwangu. Tunataka kuhamia kwenye kompyuta ila tumegawanyika: mmoja anasema tuskani tu mafaili ya zamani, mwingine anataka seva yetu wenyewe (kompyuta kuu ya kutunzia data hapahapa kliniki), mimi nawaza klaudi, yaani data zikae kwenye seva za kampuni nyingine tunazifikia kwa intaneti. Mliopita njia hii mnasemaje?

karani_mstaafu: Kuskani msijidanganye. Picha ya karatasi ni karatasi vilevile, imehamia kwenye skrini tu. Iulize wagonjwa gani wa kisukari hawajapima sukari ya miezi mitatu mwaka huu uone kama itakujibu. Data ikiingizwa kwenye visanduku vyake unapata orodha hapohapo na unaanza kuwapigia simu.

nesi_wa_usiku: Mimi faida niliiona kwenye dawa. Mgonjwa yuko kwenye warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, kaja na jino, daktari anaandika metronidazoli, antibiotiki, sistimu ikapiga kelele palepale maana hizo mbili zikikutana damu inakuwa nyepesi kupita kiasi. Kwenye faili la karatasi warfarini ilikuwa kurasa sita nyuma huko kwa mwandiko ule mnaoujua wenyewe 😂 Ila tahadhari zikizidi, yaani kila dawa inalia, watu wanabofya "sawa" bila kusoma na mimi nimejikuta nafanya hivyohivyo, kwa hiyo mwambieni anayewawekea aache zile kali tu.

fundi_seva: Seva ya ndani ina raha moja, intaneti ikikata kazi inaendelea. Lakini bakapu, yaani nakala ya akiba ya data, anafanya nani? Niliwahi kukuta diski ya bakapu imewekwa juu ya seva yenyewe, maji yakavuja darini vyote viwili vikalowa. Halafu kuna kusasisha. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilifunga kompyuta za hospitali kibao za NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, miadi maelfu ikafutwa, na Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka cha kuziba tundu hilo tangu Machi. Kama hamna mtu wa kazi hiyo nendeni klaudi, mweke na laini ya pili ya intaneti.

daktari_kijiwe: @fundi_seva na zote mbili zikikata?

nesi_wa_usiku: Karatasi dokta 😅 Sisi kila asubuhi tunaprinti orodha ya wenye miadi, dawa zao na aleji zao, na fomu tupu ziko droo ya chini. Mtandao ukirudi tunaingiza, inachosha kweli ila hatujawahi kufunga mlango.

mtu_wa_data: Hamjataja OpenMRS, programu huria ya kutunza rekodi za wagonjwa iliyoanza 2004, leseni hulipii. Ila bure ni programu, fundi wa kuisetia si bure. Popote mtakapoangukia ulizeni kabla ya kusaini: siku nikitaka kuondoka, data zangu natoka nazo vipi? Wakisema PDF, kimbieni. Anayejua kazi atakutajia FHIR, mpangilio wa pamoja wa kuhamisha data za afya toka sistimu moja kwenda nyingine. Na safisheni majina kabla ya kuhama, Mohamed, Mohammed na Muhamadi anaweza kuwa mtu mmoja mwenye mafaili matatu na aleji ya penisilini imeandikwa kwenye la pili peke yake. Sistimu hailijui hilo, itawachukua kama watu watatu.

karani_mstaafu: Hapo umesema. Na msiingize historia yote kwa mpigo, mtakufa na uchovu. Mgonjwa akija, siku hiyo ingizeni aleji, dawa anazotumia na magonjwa sugu. Faili la zamani libaki kabatini.

daktari_kijiwe: Asanteni sana, kuskani nimeshakufuta. Nimechungulia herufi M tu nimekuta mtu mmoja ana mafaili manne. Yule mwenzangu wa seva nimemtumia habari ya maji ya darini, kaisoma, hajajibu.