Giligilani, uwatu na karela hapa Glasgow: nianze na nini?

BintiNgamiani

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Mimi mtu wa Tanga, niko Glasgow, Scotland, na familia. Halmashauri imenipa kipande cha shamba la kukodi baada ya kusubiri mpaka nikasahau kama niliomba. Kipande chenyewe ni nusu ya kile cha kawaida, kina kibanda cha vioo alichokiacha mwenyewe wa zamani, baadhi ya vioo vimevunjika.

Majirani zangu hapo wanapanda viazi, vitunguu na kabichi. Mimi nimekulia Ngamiani, ukuta kwa ukuta na familia ya Kihindi, na mapishi yao yaliingia jikoni kwetu toka zamani: karela (yale matango machungu) za kukaanga, bamia kavu, fiwi, majani ya uwatu yaliyokandwa ndani ya unga wa chapati. Huku vitu hivi vipo kwenye maduka ya Wapakistani, ila giligilani unanunua leo, kesho imeshalala.

Msimu uliopita nilipanda giligilani kwenye ndoo nyumbani, mwezi wa tano. Ziliota vizuri sana. Sijachuma hata za kutosha sufuria mbili, zikarefuka, majani yakawa nyuzinyuzi, maua meupe juu. Maji nilimwagia, mbolea nilitia. Tatizo ni nini? Na katika hivi vingine nianze na kipi: uwatu, karela, bamia, dudhi (mung'unye), fiwi, au majani ya mchuzi? Mume wangu anasema nipande viazi kama wenzangu, niache ndoto.

MzeeWaStoo

Dada, karela zilizokwisha kukatwa zipo kwenye friza la duka lolote la Kihindi. Unajitesa bure na mvua ya Glasgow. Mumeo ana busara.

MamaKotmiri

Huyo mzee msimjali, ni wazi hajala karela iliyochumwa asubuhi.

Marahaba mwanangu. Mimi ni wa Mombasa, lakini Leicester, England, ndiko nilikozeekea. Shamba langu limezungukwa na ya Wagujarati, wengi wao kina mama waliofukuzwa Uganda na Amin mwaka 1972, wa Jinja, wa Kampala, na wengine walitokea Nairobi na Kisumu. Tunapalilia huku tunapiga soga kwa Kiswahili, na karibu yote nitakayokwambia nimeyaona kwao. Halmashauri ya hapa mwaka ule ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije Leicester. Wakaja. Leo mtu akitaka kujua dudhi inazaaje kwenye baridi, inabidi awaulize wao.

Sasa shika jambo moja, mengine yanafuata. Sisi tukisikia chakula cha Kihindi tunawaza joto. Lakini kwao kuna vya msimu wa joto na mvua, na kuna vya msimu wa baridi. Bamia, karela, dudhi na biringanya ni vya joto. Uwatu, kotmiri (ndiyo giligilani yako), haradali, figili nyeupe, spinachi, njegere na kitunguu thomu kibichi hupandwa mvua zikishakatika, yaani mwezi wa kumi, na huliwa wakati watu wamejifunika mablanketi. Januari ya Punjab, kaskazini mwa India, mchana ni nyuzi 18 hadi 20, usiku inashuka mpaka 6 hivi. Mchana wa Julai yako Glasgow hauko mbali na hapo. Kwa hiyo nusu nzima ya jiko lile inaitaka hali ya hewa uliyonayo, ambayo mumeo anaiona ya viazi tu.

Kinachotofautiana ni mwanga, na hapo ndipo kotmiri ilipokuponyoka. Januari Punjab mchana ni masaa 10 na kitu. Glasgow mwezi wa sita jua linakaa juu zaidi ya masaa 17. Kotmiri ikiona mchana mrefu namna hiyo inajua wakati wa kuzaa umefika, nguvu zote inapeleka kwenye maua. Na ndoo ikikauka, hata kama ni mara moja, inakimbia zaidi. Mbolea yako haikuwa na kosa, mwezi wa tano ndio haukufaa.

Panda kidogo mwishoni mwa mwezi wa tatu ndani ya kibanda, uzile mapema. Halafu ziache kwanza. Rudi katikati ya mwezi wa saba, kila baada ya wiki mbili tatu mwaga mstari mmoja, mpaka mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Hizo za mwisho ndizo nene na zina harufu, na ndani ya kibanda huweza kuuvuka mwaka. Ile punje unayoiona ni mbegu mbili ndani ya ganda moja: ibingirishie chupa ipasuke, usiisage, kisha iloweke usiku kucha. Panda palepale zitakapokulia. Mzizi wake ni mrefu, haupendi kuhamishwa, ukiuhamisha unaona maua tena. Na zikikutoka usizing'oe kwa hasira. Zile mbegu zikiwa bado za kijani na laini ni tamu kwenye chatini kuliko majani yenyewe.

Uwatu ndio utakaokufuta machozi. Nunua ule wa kupikia, pakiti ya duka la viungo. Huota bila matata na bei yake ukilinganisha na vipakiti vya duka la bustani ni kichekesho. Tifua, mwaga mbegu nene, zikaribiane upana wa kidole, funika kwa udongo sentimita moja. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane. Baada ya wiki tano au sita, ukifika shubiri moja, ni wakati wake. Mimi hukata. Wenzangu wa Kigujarati hung'oa na mizizi, wakafunga mafungu, wakapanda tena palepale kabla hawajaenda nyumbani. Adui zake ni njiwa na konokono wale wasio na gamba. Wavu uweke siku hiyohiyo ya kupanda, njiwa hangoji mwaliko.

Figili nyeupe na haradali usiziguse kabla ya Juni 21, siku yenye mchana mrefu kuliko zote, zitatoa maua kama kotmiri. Panda Julai, funika kwa wavu mwembamba kwa ajili ya vidudu vyeusi vinavyorukaruka na kutoboa majani. Na waulize majirani kama kabichi zao huvimba mizizi. Udongo wa asidi unauzidisha ugonjwa huo, na figili na haradali ni ukoo mmoja na kabichi. Wakikubali, tia chokaa mapema.

Mwezi wa kumi chukua kitunguu thomu kinachoanza kuchipua jikoni, chomeka punje karibukaribu. Mwezi wa nne, labda kwako wa tano, ng'oa kibichi na majani yake kabla hakijafanya kichwa. Wao hutia kwenye undhiyu, pishi lao la mboga mchanganyiko, mimi natia kwenye mayai.

Fiwi sahau. Mbegu nyingi za kwetu husubiri siku zifupike ndipo zichanue, na huku zikifupika barafu nayo iko mlangoni. Utalea kichaka kizuri cha majani, mwezi wa kumi kitoe maua ya zambarau, halafu usiku mmoja chote cheusi. Kuna mama hapa wa Jinja ana mbegu inayowahi, ameitunza mwenyewe miaka na miaka, anakula fiwi mwezi wa tisa. Hampi mtu. Nimemwandalia biriani, nimemwandalia mahamri, wapi.

Ndani ya kibanda chagua kimoja, dudhi au karela. Vyote viwili vitakabana roho. Mimi ningechagua dudhi. Mbegu uilaze kwa ubavu kwenye kikopo, mwezi wa nne, ndani ya nyumba karibu na hita. Usiuhamishie kibandani kabla ubaridi wa usiku haujapungua, yaani mwisho wa mwezi wa tano au wa sita kwako. Ukifika kimo cha mtu, kata ncha, maana maua ya kike huja zaidi kwenye matawi ya pembeni. Maua yake meupe hufunguka jioni, nyuki wa huku wameshakwenda kulala. Chukua ua la kiume, lile lisilo na kitumbo nyuma, lipake ndani ya la kike. Julai hapa kwetu utaona kina mama na sari zao wakizunguka vibandani saa tatu za usiku kufanya kazi hiyo ya nyuki, jua ndio kwanza linazama.

Mkulima_Limuru

Salamu kutoka Limuru. Huku tuko zaidi ya mita 2,000, mwezi wa saba hatuvui makoti, na dhania, hiyo hiyo giligilani, tunapanda mwaka mzima bila shida hiyo. Nilikuwa nadhani baridi ndiyo inayoisaidia, kumbe pia ni zile saa kumi na mbili za mchana ambazo hazibadiliki. Nina shemeji Minnesota analalamika mbegu nilizompelekea ni mbovu. Leo nimepata jibu lake.

Mama, na akifunika kitanda kwa turubai jeusi saa kumi na moja jioni kila siku? Maua yetu ya kusafirisha nje, kwenye mashamba makubwa, baadhi hufunikwa hivyo ili yadhani siku ni fupi.

MamaKotmiri

Inawezekana baba, kama una wafanyakazi. Kwa fungu la kotmiri mimi sitoki nyumbani kila jioni kwenda kuilaza. Kuna mbegu zilizochaguliwa ili zichelewe kuchanua, kama Calypso na Leisure. Zinakuongezea siku kadhaa za kuchuma, ila mwezi wa sita nazo zinakimbia.

BintiNgamiani

Mama, Mungu akupe afya. Nimemsomea mume wangu ile ya Punjab na viazi, amenyamaza. Bado mawili: bamia, na majani ya mchuzi. Kuna mtu anauza mche mdogo wa mchuzi mtandaoni, na mwingine anauza mbegu zilizokaushwa. Ninunue ipi?

MamaKotmiri

Mbegu usinunue. Mbegu ya mchuzi ikishakauka imekufa, inatakiwa ipandwe mbichi, punde tu tunda lilipoiva. Nunua mche, na uukagulie chini ya majani kama una wadudu kabla hujauingiza ndani.

Huo si wa shamba, ni wa chungu, kwenye dirisha linaloangalia kusini. Nje utautoa Julai na Agosti ukipenda, mahali pasipo na upepo. Baridi ikianza, usiuache sehemu inayoshuka chini ya nyuzi 10. Karibu kila mwaka utapukutisha majani Desemba, na watu wengi hapo ndipo huua mti wao: wanaona majani yameanguka, wanadhani una kiu, wanamwaga maji, mizizi inaoza. Acha udongo ukauke juu ndipo uunyweshe, tena kidogo. Machipukizi yakitoka, kata ncha ili utanuke, na usichume sana mpaka uwe na matawi ya kutosha.

Bamia, kwa Glasgow, ni mapenzi tu. Udongo wenyewe unautaka zaidi ya nyuzi 20. Ukipanda mmoja kwenye kona ya joto ya kibanda utapata ua zuri la njano na bamia za kuhesabu. Hapo nakubaliana na mzee wa friza.

Badala yake tafuta kichwa cha gimbi dukani, kilicho na chipukizi, kifukie kwenye ndoo kubwa kibandani na maji mengi. Utavuna majani mapana, upake unga wa dengu uliotiwa ukwaju na pilipili, ukunje, upike kwa mvuke, ukate vipande, ukaange. Yaive sawasawa, mabichi yanawasha koo. Kichwa kitoe kabla ya barafu, kiweke ndani.

Vioo vilivyovunjika usirudishie vioo. Weka plastiki ngumu ya tabaka mbili, inashika joto zaidi, na upepo wenu ukiivunja haimkati mtu mkono.

MzeeWaStoo

Sawa nimeshindwa. Lakini ile chatini ya mbegu za kijani, inatwangwa na nini?

MamaKotmiri

Konzi moja ya mbegu, majani kidogo ya mnanaa, pilipili mbichi mbili, punje ya thomu, chumvi, ndimu nzima. Kwenye kinu, siyo blenda. Na kwenye friza huzipati.