Matibabu ya Bibi wa Handali

*Shangazi Matika:* Za asubuhi wanangu. Bibi goti limezidi kuvimba. Nasikia wazee ni bure, kesho tumpakie gari moja kwa moja hospitali ya Benjamin Mkapa?

*Mwaja:* Shikamoo shangazi. Msianzie huko. Sera ya Afya ya 2007 inasema anayetibiwa bure ni mzee wa miaka 60 na zaidi *asiye na uwezo*. Umri peke yake hautoshi.

*Shangazi Matika:* Marahaba. Sasa huo uwezo anaupima nani?

*Mwaja:* Kijiji. Mwenyekiti wa kitongoji amthibitishe, mtendaji wa kijiji aandike barua na kugonga mhuri. Isomeni kabla hamjatoka ofisini! Nyingi zinasema tu "ni mkazi wangu", basi. Lazima iseme hana uwezo wa kulipia matibabu. Na jina lifanane na la kitambulisho cha NIDA herufi kwa herufi. Barua ikisema Mariamu na kitambulisho kikasema Maria, dirishani mtaambiwa huyu si yeye.

*Baba Mdogo:* Akizidiwa usiku kabla ya barua?

*Mwaja:* Dharura haingoji barua, baba. Ila aliyempeleka aende ustawi wa jamii hapo hapo hospitali mapema, bili ikiwa bado ndogo. Mkisubiri siku ya kuruhusiwa ni mabishano matupu.

*Baba Mdogo:* Na Mkapa ni rufaa. Aanzie zahanati, wakishindwa ndio wampandishe ngazi kwa karatasi. Watu walichanganya sana enzi za CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii ya 30,000 kwa kaya ya watu 6. Ilikuwa inaishia hospitali ya rufaa ya mkoa. General, yaani hospitali ya mkoa, sawa; Mkapa hapana.

*Chiku:* Si Bunge lilishapitisha bima ya wote?

*Baba Mdogo:* Novemba 2023, hapa hapa Dodoma. Kila mkaazi awe na bima, asiye na uwezo agharamiwe na mfuko. Soda, bia na vipodozi vimo kwenye vyanzo vya hela yake, kwa hiyo Chiku wewe unachangia vizuri tu 😂 Lakini kugharamiwa ni mpaka utambuliwe huna uwezo.

*Chiku:* Yaani tunarudi kwa mtendaji.

*Mwaja:* Ndiyo. Halafu msamaha wa malipo hauleti dawa, shangazi. Wakisema dawa hakuna, wekeni nauli ya ziada na hela ya duka la dawa, na cheti cha dawa msikiache dirishani.

*Shangazi Matika:* Haya. Nampigia mtendaji sasa hivi, kabla hajaingia kikaoni.